Mashine ya Mume Wangu na Mwanamke wa Kutus

Kikulacho ki nguoni mwako, na changu nilikikuta kwenye shati. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nimeinama juu ya beseni nyuma ya nyumba yetu hapa Skuta, nje kidogo ya mji wa Nyeri, nikifua nguo za mume wangu, nikaona alama za vidole kwenye bega la shati lake la kijivu. Vidole vinne vya buluu, vyembamba, vimepangana upande wa mgongoni, mahali ambapo mtu hawezi kujishika mwenyewe hata ajipinde vipi. Niliweka mkono wangu juu ya zile alama. Mkono wangu ni mpana, mkono wa mtu aliyesukuma mashine ya kufuma sweta za shule tangu aolewe. Vidole vyangu havikulingana na vile.

Ile buluu niliijua. Ilikuwa buluu ya unga ya kusafishia nguo nyeupe, ninayonunua kwenye duka la Mhindi mjini Nyeri. Kopo langu lilikuwa likiisha kabla ya wakati wake, nami nilikuwa nikijilaumu kwamba ninaimwaga. Kumbe ilikuwa ikitoka nyumbani kwangu kwenda kuchezewa na mwanamke mwingine, kisha inarudi mgongoni kwa mume wangu ili mimi niifue.

Mimi ni mtu wa wivu na sioni haya kusema. Mama yangu alikuwa hivyo, na baba alimwogopa mpaka kaburini, wakaishi vizuri. Asiye na wivu, mimi husema, hana kitu cha kuibiwa.

Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha majani chai upande wa Kianyaga. Alikuwa akija nyumbani mwisho wa mwezi, na majani ya chai kwenye mfuko wa karatasi na usingizi wa mwezi mzima machoni. Watoto niliwalea mimi. Mabomba yakipasuka niliita fundi wa mtu mwingine, maana wangu alikuwa huko akitengeneza ya kampuni. Sikulalamika sana. Nilijiambia kwamba kuna siku atastaafu, na siku hiyo atakuwa wangu peke yangu, asubuhi na jioni, mpaka nimchoke.

Alipostaafu nilimnunulia kiti chenye mito, nikakiweka dirishani karibu na mashine yangu ya kufuma, mahali ambapo mawingu yakifunguka asubuhi unauona mlima wote mpaka kwenye theluji. Nilikuwa nimeshapanga tutakavyozungumza: mimi nafuma, yeye anakunywa chai, tunawasema watoto na wakwe zao. Alikikalia kile kiti siku chache tu. Kisha akaanza kutazama video kwenye simu, wazungu wenye gereji kubwa kuliko nyumba yetu wakitengeneza mashine za kukereza chuma. Asubuhi moja akaniambia kwamba naye anataka kutengeneza yake.

Kwa asiyeijua, nitaieleza alivyonieleza yeye. Unafunga kipande cha chuma, kinazunguka, kisha unakisogezea kisu kigumu taratibu, nacho kinamenyeka kama kiazi mpaka kinakuwa duara kamili. Kiwandani alikuwa ameitumia ya kampuni maisha yake yote. Siku ya kustaafu walimpa saa ya ukutani wakamwambia aache funguo mezani.

"Sasa hiyo mashine ni ya kutengeneza nini?" nilimuuliza.

"Ya kutengeneza vitu."

"Vitu gani?"

"Vitu vya mashine."

Nilicheka, nikidhani ni homa ya kustaafu, itapita. Haikupita. Aliwatoa kuku wangu kwenye banda lao, akalipiga sakafu, akavuta waya wa stima kutoka jikoni, akaanza kuleta vyuma. Kuku walihamia chini ya karo la kufulia, na waliacha kutaga kwa hasira. Mimi nilitamani ningekuwa na njia kama hiyo ya kusema.

Vyuma alivifuata Kutus, upande ule ule wa kiwanda chake cha zamani, kila Jumanne na kila Ijumaa.

"Karatina hakuna vyuma?" nilimuuliza. "Hata hapa Nyeri si wako, wamejaa?"

"Wako. Lakini yule wa Kutus anajua vyuma."

"Ni nani huyo anajua?"

"Ni mama fulani tu. Anauza chuma chakavu."

Siku nyingine simu yake ililia akiwa bafuni, nikaishika. Sauti ya mwanamke, yenye utulivu, kama mtu aliye nyumbani kwake, ikauliza, "Fundi yuko?"

Fundi! Mimi nimemwita mume wangu baba watoto, nimemwita mzee, na nikikasirika namwita wewe. Fundi sijawahi. Na nilipomwambia kwamba ameulizwa, alitoka bafuni na povu masikioni.

Basi ile Jumamosi ya shati sikusubiri hata maji yamwagwe. Nililichukua likiwa linachuruzika, nikaenda nalo hadi bandani. Mume wangu alikuwa ameinama juu ya vibao viwili vya chuma cha kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kila kimoja ukubwa wa Biblia ya kanisani, vimepigwa namba pembeni. Kimoja kilikuwa namba moja. Kingine kilikuwa namba tatu.

"Mkono hii ni ya nani?" nikamwonyesha bega la shati.

Aliangalia bila kushtuka. "Ah. Ni ya yule mama. Nilikuwa nianguke nimebeba kipande ya chesisi ya lori, akanishika."

Nilimwamini. Mume wangu hajui kudanganya, hana hata uso wa kudanganyia. Lakini kumwamini hakukunisaidia kitu, kwa sababu sasa nilikuwa na picha yake akianguka na mtu wa kumshika akiwa karibu, na mtu huyo si mimi.

"Na namba mbili iko wapi?"

"Iko Kutus. Anaikwaruza."

Nikamwambia anieleze, na anieleze vizuri. Akafurahi, maskini, akadhani nimeanza kupenda mashine. Alisema kisu cha mashine kinateleza juu ya reli mbili za chuma, na reli hizo lazima ziwe zimenyooka kabisa, kwa sababu zikiwa na kosa, kila kitu utakachokereza kitazaliwa na kosa hilo. Ili uzipime unahitaji kibao kilicho sawasawa kabisa. Na kibao kama hicho huwezi kukinunua hapa. Unakitengeneza kwa mkono. Unapaka buluu iliyochanganywa na mafuta kwenye kimoja, unalaza kingine juu yake, unasugua kidogo. Mahali buluu iliposhika ndipo palipoinuka, unapakwaruza na tupa kuukuu iliyonolewa, unarudia tena na tena.

"Sasa si uwe na mbili?" nikamwambia. "Ya tatu ni ya nini?"

"Hapo ndio iko maneno." Alishika vile vibao akavikutanisha. "Ukisugua mbili peke yake zitakubaliana. Lakini unaweza kupata moja iko na shimo katikati na hii ingine iko na kitambi. Zinashikana poa kabisa, na zote ni za uongo. Ya tatu ndio inazishika. Haiwezi kukubaliana na zote mbili kama kuna uongo."

Nilisimama pale na shati likinidondokea miguuni.

"Na katika hii nyumba," nikamuuliza, "mimi ni namba ngapi?"

Alinitazama kama anayetafuta spana aliyokuwa nayo sasa hivi.

"Wewe si chuma, mama watoto."

"Hiyo ndiyo shida yangu," nikamwambia, nikarudi kwenye beseni.

Wiki iliyofuata nilikuwa na sweta za kupeleka Kerugoya kwa mwenye duka la sare za shule. Kutoka Kerugoya hadi Kutus si mbali, na miguu yangu ilikuwa imeshaamua tangu nyumbani, kwa sababu nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani. Ilikuwa Ijumaa. Kutus kuna joto ukilinganisha na kwetu. Nilifika nimelowa chini ya koti langu la Nyeri, na koti sikulivua, maana blauzi ya ndani haikuwa ya kumkabili mtu.

Nilijua ninakwenda kumwona mwanamke wa aina gani. Kijana, mdomo mwekundu, nywele za kununua. Nilikuwa nimemwandalia maneno yake.

Niliulizia mama wa chuma chakavu, kila mtu akanionyesha. Kabla sijafika kwenye lango la mabati nikasikia mkwaruzo wa chuma, taratibu, na kisha nikasikia mume wangu akicheka. Nyumbani yeye hucheka kwa pua. Pale alikuwa anacheka kwa tumbo, kicheko ambacho mara ya mwisho nilikisikia kabla hatujapata mtoto wa kwanza. Nilisimama nje ya lango nikakisikiliza mpaka kikaisha, na kiliniuma kuliko kama ningekuta kitu cha aibu.

Ndani kulikuwa na mwanamke wa rika langu. Pengine amenizidi. Mwembamba, kitambaa kichwani, ovaroli ya mwanamume iliyokunjwa mikononi na miguuni. Alikuwa ameshika ile namba mbili na mume wangu ameshika taa ya simu akimulika kutoka ubavuni, na vichwa vyao vilikuwa karibu kama vya watu wanaosoma barua moja. Mume wangu alinyoosha mkono bila kuangalia, na kabla hajasema anataka nini, yule mama akaweka kitambaa cha kufutia kwenye kiganja chake.

Hapo ndipo maneno yangu yote yaliponiishia. Kama angekuwa kijana ningejua la kufanya. Wanaume ni wajinga na ujinga huo una dawa yake. Lakini alichokuwa akipata mume wangu pale hakikuwa kitu cha kushindania kwa kusuka nywele. Alikuwa akinyoosha mkono na kupewa. Mimi nimekuwa mke wake maisha yote na bado huuliza, "Unataka hii ama ile?"

"Mama watoto!" mume wangu alisema. Alifurahi kuniona, na hilo nalo liliniudhi.

Yule mama alinawa mikono, akanipa kiti, akaleta chai na chapati kutoka kibanda cha jirani. Akanisalimia kwa heshima kiasi kwamba sikupata mahali pa kushikia ugomvi.

"Karibu sana, mama. Fundi anakuongeleanga kila siku. Ati uko na mashine ya kufuma na unajua hata ikikohoa."

"Na wewe vyuma ulijifunza wapi?" nikauliza, kwa sauti ya asante.

"Mzee wangu alikuwa anakereza. Mashine yake ilikuwa hapo." Akaonyesha kona ya banda, kulikokuwa na jukwaa la zege, tupu, limefagiliwa safi. "Alipokufa ndugu zake wakaikujia. Sasa hii yenu ikiisha tutaiweka hapo hapo. Huku ndio kuna kazi. Mashine za mpunga, pampu, zile za kumenya kahawa, kila siku shafti imekatika. Huko Skuta atakereza nini? Mwiko?"

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa akiifuta namba mbili ambayo tayari ilikuwa imefutwa.

"Tutaona," akasema.

Hiyo tutaona naijua. Alipopata kazi Kianyaga, tukiwa bado tunanukia harusi, nilimuuliza kama tutahamia wote au ataishi huko peke yake. Alisema tutaona. Tuliona mpaka nywele zikawa nyeupe. Sasa nilijua kinachoendelea: mashine ikifungwa Kutus, naye atafungwa Kutus. Ataondoka asubuhi na kurudi giza likiingia, kisha atakuwa anarudi Jumamosi, kisha mwisho wa mwezi. Nitabaki tena na kiti chenye mito na mlima dirishani. Nilikuwa nimeshamkopesha mtu huyu mara moja, kwa kampuni, na sikuwa tayari kumkopesha tena, hata kwa mjane mwenye adabu.

Njiani kurudi nyumbani yeye alilala. Mimi niliitazama mikono yake iliyolala mapajani na buluu kwenye kucha, nikamchukia yule mama kwa wema wake wote, na chapati yake ambayo ilikuwa laini kuliko zangu.

Miezi ikapita na mashine ikawa mashine. Reli zilinyooka, miguu mifupi ikachomelewa, fremu nzima ikakaa bandani kwetu imefunikwa gunia. Kilichobaki kilikuwa ile sehemu ya kichwa inayozunguka, na hiyo walikuwa wanaimalizia Kutus kwa sababu beringi zilipatikana huko. Wiki ya mwisho alisema atakuwa analala Kianyaga kwa mwenzake wa zamani wa kiwandani, ili asihangaike na barabara. Jumamosi angekuja na pikapu kuichukua fremu.

"Kuipeleka wapi?" nikauliza.

"Huko, tuijaribu kwanza," alisema, akitazama kiatu chake.

Alipoondoka tu nilimpigia simu fundi wa mawe aliyemjengea jirani ukuta. Nilimwambia nataka jukwaa ndani ya banda, la mawe ya kuchonga na zege juu, urefu wa kiuno cha mwanamume, na bolti nne kubwa zikisimama ndani ya zege.

Alizunguka lile banda akikuna kichwa. "Mama, hii ni meza ama ni kaburi?"

"Ni ya mashine."

"Na mzee anajua?"

"Atajua."

Niliinua gunia, nikapima umbali wa mashimo kwenye miguu ya fremu, urefu na upana, nikamsomea fundi vile vipimo, naye akapima zege kwa futi yake ya chuma akazisimamisha bolti. Nilimwangalia kila hatua. Zege liliposhika nililinyunyizia maji asubuhi na jioni kama mboga, nikaliwekea magunia mabichi lisipasuke. Kuku walikuja kuangalia. Kwa mara ya kwanza tangu astaafu nililala vizuri, ingawa mara nyingine nilishtuka nikiwazia huyo mwenzake wa Kianyaga, kama kweli ana chumba cha wageni.

Jumamosi pikapu iliingia. Aliyeshuka kwanza ni yeye, mama wa Kutus, akiwa na rinda zuri na kichwa cha mashine amekipakata kwenye shuka kama mtoto anayepelekwa kubatizwa, ati wakipime juu ya fremu kabla ya kuipakia. Mume wangu akafuata, na dereva. Nilimsalimia mgeni kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeshaandaa chai, na chapati nilikuwa nimezikanda mara tatu.

Mume wangu alikwenda bandani. Sisi tukamfuata.

Alisimama mlangoni. Kisha akaingia, akalizunguka lile jukwaa, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akashika bolti moja akajaribu kuitikisa. Haikutikisika. Mimi nilikuwa nimejiandaa kupigiwa kelele, nilikuwa hata nimeshachagua jibu.

"Saidia tuinue," akamwambia dereva.

Waliinua fremu wakaileta juu ya jukwaa, wakaishusha polepole. Haikuingia. Mguu mmoja ulipokutana na bolti yake, wa upande wa pili ulipitiliza. Waligeuza, wakajaribu tena. Bolti zangu zilikuwa zimekaribiana kuliko mashimo, kwa kadiri ya upana wa kidole.

Yule mama alikuwa ameinama, jicho moja amelifumba, na alisema bila ubaya wowote, kama daktari, "Imekosea. Bolti zimekaribiana."

"Mama watoto," mume wangu akasema, "ulipima na nini?"

Niliivua tepu yangu shingoni, ile ya kitambaa ninayopimia vifua vya watoto wa shule. Alichukua futi yake ya chuma akazilaza sambamba. Tepu yangu ilikuwa imevutika kwa miaka. Kila ilichosema kilikuwa pungufu, na fundi wa mawe, ambaye futi yake ilikuwa nzima, alikuwa ameamini namba zangu. Kwa sweta kidole kimoja si kosa, mtoto atakua. Mguu wa chuma haukui wala haupungui.

Mume wangu aliitazama tepu na futi, akanitazama mimi, akacheka. Na hakikuwa kicheko cha pua.

Yule mama hakucheka. Alitazama nje jua lilipofika. "Fundi, hiyo si shida. Leta grinda tukate hizo bolti, ni dakika moja. Halafu tupakie, huko Kutus watu wanangoja."

Grinda ilikuwa ukutani imetundikwa. Mume wangu alikwenda kule ukutani. Mimi nilishika mlango. Nilimwona akinyoosha mkono, na nikajua kwamba akiishika ile grinda nitaingia ndani ya nyumba yangu na kufuma, na sitamuuliza tena maishani mwangu anakwenda wapi wala anarudi lini.

Alichukua drili.

"Utaitoboa?" Yule mama alishtuka kweli. "Fundi, hiyo miguu umeisawazisha mpaka ukaumwa na mgongo. Itakuwa na mashimo mbili mbili! Itaonekana kama imetengenezwa na mtu hajui."

"Itaonekana tu," mume wangu alisema.

Alipigia alama mpya kwenye miguu ya fremu, mahali bolti zangu zilipotaka, akaanza kutoboa. Chuma kililia. Yule mama alivumilia kidogo, kisha akashindwa. Alichukua kopo la mafuta akaja kudondoshea kwenye ncha ya drili, maana hakuweza kusimama akiona chuma kinaungua. Alijua wakati wa kudondosha na wakati wa kuacha bila kuambiwa. Hata hapo, mume wangu akiharibu mashine yake kwa ajili yangu mbele ya macho yangu, niliona wivu kwa lile kopo. Nilikwenda nikamnyang'anya kwa upole. Nikamwaga mafuta mengi mno, yakamwingia dereva kwenye kiatu.

Fremu iliposhuka safari hii ilikaa. Mume wangu alikaza nati zote nne, akakaza tena, akapangusa mikono kwenye shati.

Chai tulikunywa ndani, wote wanne. Wanaume walipotoka kwenda kufunga kichwa cha mashine, yule mama alibaki na kikombe chake, akitazama dirishani. Mlima ulikuwa umefunikwa, hakukuwa na cha kutazama.

"Mzee wangu alikuwa fundi kushinda huyu," alisema. "Watu walitoka mpaka Embu. Lakini angekata hizo bolti. Angezikata, na angenikemea mbele ya dereva."

Nilimwongezea chapati. Nilitaka kumhurumia na nilimhurumia, kidogo, kwa muda ambao chapati ilikaa kwenye sahani. Kisha akauliza kama mashine ikiharibika beringi anaweza kuja kuiangalia, na nikasema tutaona.

Aliondoka na pikapu tupu. Mume wangu alimsindikiza hadi getini, akamfungia mlango wa gari, wakasemezana maneno machache ambayo sikuyasikia kwa sababu ya injini. Nilibaki mlangoni na trei ya vikombe. Mashine ilikuwa kwangu, bolti nne zimeishika, na mwenyewe alikuwa kwangu, siku zote saba. Pikapu ilipinda kona ikapotea, na yeye akaendelea kusimama pale getini akiitazama barabara, na mimi nikasimama na vikombe vyangu nikimtazama anavyotazama.